Mfululizo wa picha: Jinsi kisa kinavyosimuliwa bila maneno mengi

Picha moja iliyopigwa ndani ya jumba la kibiashara la Westgate, mtaani Westlands, Nairobi, mnamo Septemba 21, 2013, ilizunguka ulimwengu kwa muda mfupi. Inaonyesha mtoto wa kike akitimua mbio kwenye sakafu iliyo tupu, akimwelekea mwanamume aliyeshika bastola. Mwanamume huyo amenyoosha mkono kumpokea.

Aliyeitazama picha hiyo peke yake angeweza kukisia mengi. Je, mtoto huyo alikuwa anakimbilia usalama au hatari? Alikuwa ametoka kwa nani? Mwenye bastola alikuwa mwokozi au mshambulizi?

Majibu hayakuwa ndani ya picha hiyo. Yalikuwa katika picha nyingine ambazo mpigapicha yuyo huyo, Goran Tomasevic wa shirika la habari la Reuters, alizipiga kabla na baada yake. Zikitazamwa kwa mfuatano, zinaonyesha polisi waliovalia kiraia na raia wenye silaha wakinyemelea ukutani, wateja waliojibanza na familia zikitolewa nje moja baada ya nyingine. Mtoto yule alikuwa amejificha pamoja na mama yake na dada zake. Mwanamume mwenye bastola alikuwa Abdul Haji, mfanyabiashara aliyekuwa ameingia humo kumtafuta ndugu yake, na ambaye mwaka wa 2021 alichaguliwa kuwa seneta wa Garissa.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, kisa cha Westgate kinadhihirisha kwamba macho nayo huhitaji mpangilio. Picha moja hunasa tukio, ilhali mfululizo wa picha hueleza lilianzaje, lilifikia wapi na liliishaje.

MAANA YAKE

Masimulizi kwa mfululizo wa picha ni utaratibu wa kuteua picha kadhaa na kuzipanga ili msomaji azifuate jinsi anavyofuata sentensi katika aya. Kila picha hutegemea iliyoitangulia na kuiandalia njia inayofuata. Maana haimo katika picha pekee, bali pia katika ile nafasi iliyo kati ya picha mbili, ambayo msomaji huijaza kwa akili yake mwenyewe.

Utaratibu huu hutofautiana na albamu ya harusi au mkusanyiko wa picha za mandhari. Albamu huweza kufunguliwa popote bila hasara kubwa. Mfululizo wa masimulizi ukivurugwa, kisa nacho huvurugika.

Zipo aina tatu kuu. Ya kwanza ni makala ya picha, ambayo ni kazi ya wanahabari na huhusu matukio ya kweli. Ya pili ni hadithi ya picha, ambapo waigizaji hupigwa picha wakiigiza kisa cha kubuni, na maneno yao huchapishwa juu ya picha. Ya tatu ni mfululizo wa kisanaa, ambao msanii huubuni ili kuwasilisha wazo au kumbukumbu. Nairobi imezifahamu aina hizi zote.

CHIMBUKO

Mnamo 1878, Eadweard Muybridge alitega kamera kadhaa kando ya njia ya farasi huko California, Marekani. Farasi alipopita, kamera hizo zilifyatuka moja baada ya nyingine na kuthibitisha kwamba kuna nukta ambapo miguu yote minne huwa imeiacha ardhi. Hakuna jicho lililokuwa limewahi kuliona jambo hilo kwa uhakika.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa na majarida. Jarida la LIFE la Marekani, lililoanza kutoka kama jarida la picha Novemba 1936, liliifanya makala ya picha kuwa nguzo yake. Mwaka wa 1948 lilichapisha kazi ya W. Eugene Smith kuhusu daktari wa mashambani katika jimbo la Colorado. Smith alikaa wiki kadhaa akimfuata daktari huyo mchana na usiku. Hadi leo kazi hiyo hufundishwa vyuoni kama kielelezo cha namna ya kujenga kisa kwa picha.

Smith huyohuyo alikuja kukosana na jarida hilo kuhusu mfululizo wake juu ya Dkt Albert Schweitzer na hospitali yake ya Lambaréné, Gabon, uliochapishwa 1954. Ugomvi ulihusu nani mwenye haki ya kuchagua picha na kuamua mpangilio wake. Ilibainika baadaye kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameunganisha picha mbili tofauti ili kupata moja iliyompendeza. Suala la nani hupanga, na kwa uaminifu gani, halijawahi kutoka katika fani hii.

LANCE SPEARMAN NA ENZI YA HADITHI ZA PICHA

Wasomaji wengi wa Nairobi waliokuwa vijana mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 hawakujifunza fani hii kutoka kwa LIFE. Walijifunza kutoka kwa mpelelezi mmoja aliyevaa kofia na tai ya kipepeo, jina lake Lance Spearman.

Spearman, aliyefahamika pia kama The Spear, alikuwa mhusika mkuu wa jarida la African Film, lililochapishwa na kampuni ya Drum na kuuzwa Afrika Mashariki, Magharibi na Kusini. Mwigizaji wake alikuwa Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Pembeni yake walikuwepo msaidizi wake Sonia, Kapteni Victor wa polisi na kijana aitwaye Lemmy. Miongoni mwa mahasimu wake alikuwa Rabon Zollo, jambazi mwenye jicho moja.

Kila ukurasa ulikuwa na picha kadhaa za rangi nyeusi na nyeupe, zikiwa na maneno ya wahusika ndani ya viputo. Aliyekuwa na Kiingereza cha kubabaisha aliweza kukifuata kisa, kwa kuwa ngumi na bastola havikuhitaji mkalimani. Nakala moja ilipita mikono mingi: shuleni, kwenye vinyozi na ndani ya mabasi.

Mvuto wake ulikuwa na sababu nyingine. Watu weusi walizoea kuonekana katika filamu za kigeni wakiwa watumishi au washenzi wa porini. Spearman aliendesha gari la kifahari, akawapangia polisi mikakati na kumaliza kila kisa akiwa mshindi. Kinaya ni kwamba kampuni iliyotoa jarida hilo ilikuwa na makao yake Afrika Kusini, nchi ambayo wakati huo sheria za ubaguzi zilimnyima mtu mweusi karibu kila kitu alichokuwa nacho mhusika huyo.

Kiswahili hakikuachwa nyuma. Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo iliyotolewa mwaka wa 1965, alichapisha nchini Tanzania jarida la hadithi za picha liitwalo Film Tanzania. Humo wahusika walizungumza Kiswahili na kuishi katika mazingira ambayo msomaji wa Dar es Salaam aliyatambua mara moja. Filamu za video na televisheni zilipoenea, hadithi za picha zilififia.

KAMERA KATIKA BARABARA YA GOVERNMENT

Wakati Spearman akisomwa kwa furaha, jiji lilipata kisa cha kweli ambacho hakikuwa na mshindi. Jumamosi, Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue.

Mohamed Amin, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na mwanzilishi wa kampuni ya Camerapix, alifika muda mfupi baadaye. Alinasa jitihada za kumwokoa Mboya. Siku tatu baadaye, umati uliofurika kwenye misa ya wafu katika Kanisa la Holy Family ulikabiliwa kwa vitoa machozi. Kwa wasomaji ambao hawakuwepo, picha za siku hizo ziliunganisha matukio yaliyotengana: lami ya Jumamosi, kilio cha kanisani na mazishi katika kisiwa cha Rusinga. Sanamu ya Mboya iliyozinduliwa 2011 imesimama hatua chache kutoka mahali alipoangukia.

Amin alitambulika duniani kote kwa picha za njaa ya Ethiopia, alizozipiga Korem mnamo Oktoba 1984 akiwa na ripota Michael Buerk wa BBC. Alipoteza mkono Addis Ababa mwaka wa 1991 ghala la silaha lilipolipuka, lakini akarejea kazini. Alifariki Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia iliyokuwa imetekwa nyara ilipoanguka karibu na visiwa vya Komoro.

Mkenya mwingine, Priya Ramrakha, aliyezaliwa 1935, alipiga picha za harakati za uhuru na kufanyia kazi majarida ya Time na LIFE. Aliuawa mwaka wa 1968 akiripoti vita vya Biafra, Nigeria. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya kazi zake ilidhaniwa kuwa imepotea, hadi zilipopatikana zikiwa zimehifadhiwa Nairobi. Kitabu chake kilitoka 2018, nusu karne baada ya kifo chake. Picha ambayo haina wa kuitunza na kuipanga ni kama shahidi ambaye hakuitwa mahakamani.

GHASIA ZA 2007/2008 NA PICHA MTAANI

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao. Jijini Nairobi, mitaa ya Kibera na Kawangware ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika. Mkataba uliotiwa saini Februari 28, 2008 nje ya Jumba la Harambee ulituliza hali, lakini haukufuta kumbukumbu.

Mwaka huohuo wa 2008, kituo cha sanaa cha GoDown kiliandaa maonyesho ya picha za ghasia hizo kwa jina Kenya Burning, na kitabu chake kikafuata 2009 kwa ushirikiano na Kwani Trust. Boniface Mwangi, aliyekuwa mpigapicha wa gazeti la The Standard wakati wa ghasia, alienda hatua moja zaidi mwaka wa 2009. Kupitia mradi wa Picha Mtaani, alizitoa picha ukumbini na kuzisimamisha barabarani, katika Nairobi na miji mingine, ambapo mchuuzi, utingo na mpita njia wangezitazama bila kulipa ada wala kuvaa suti.

Uamuzi huo ulizua swali zito ambalo kila mhariri hukutana nalo. Je, kumwonyesha mtu nyumba yake ikiungua ni kumponya au kumtonesha kidonda? Waliopinga walihofia kisasi. Waliounga mkono walishikilia kwamba taifa linaloficha picha zake litayarudia makosa yake.

Jibu kwa kiasi fulani lilikuwa katika mpangilio. Picha ya panga lililoinuliwa, ikisimama peke yake, huchochea hasira dhidi ya aliyelishika na jamii yake. Picha iyo hiyo ikifuatwa na ya mama aliyefiwa, ya kambi ya wakimbizi na ya mtoto darasani chini ya hema, hubadilisha swali. Mtazamaji huacha kuuliza "nani alianza?" na kuanza kuuliza "tulipata nini?"

MFULULIZO KAMA USHAHIDI

Mnamo Juni 25, 2024, waandamanaji vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Siku iliyofuata, Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini mswada huo. Kufikia katikati ya Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilikuwa imeorodhesha vifo 50 vilivyohusishwa na maandamano hayo.

Luis Tato wa shirika la AFP alipata tuzo ya World Press Photo ya 2025, katika kitengo cha masimulizi ya picha barani Afrika, kwa mfululizo wake kuhusu maandamano hayo. Mashindano hayo hutenga kitengo cha picha moja na cha masimulizi, ishara kwamba fani hizi mbili hazipimwi kwa mizani moja.

Nguvu ya mfululizo ilionekana wazi zaidi Aprili 2025, kitengo cha BBC Africa Eye kilipotoa makala ya filamu kuhusu mauaji ya nje ya Bunge. Watayarishaji walichanganua picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimenaswa na waandamanaji wenyewe kwa simu. Picha moja moja hazikuwa na uzito mkubwa. Zilipopangwa kwa wakati na mahali, zilisaidia kuonyesha ni nani alikuwa amesimama wapi risasi ilipofyatuliwa. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya mhariri mmoja mezani pake ilikuwa imegeuka uchunguzi wa mauaji.

JINSI KISA KINAVYOPANGWA

Chukua mfano wa mama mboga wa Kawangware. Mfululizo wa siku yake huweza kujengwa kwa picha saba.

Ya kwanza ni picha pana inayomweleza msomaji mahali: mtaa ukiwa bado giza, taa za matatu pekee zikimulika. Ya pili inamleta mhusika, akifunga leso na kuhesabu pesa. Ya tatu inamwonyesha akitangamana na wengine, akivutana kuhusu bei katika soko la Wakulima, ambalo wenyeji huliita Marikiti. Ya nne ni ya karibu sana: vidole vyake vikikagua nyanya. Ya tano ni kilele, mathalani mvua ikinyeshea mzigo wake akisaka usafiri. Ya sita ni matokeo: mboga zimepangwa kibandani, nusu zimepondeka. Ya saba hufunga kisa: usiku, anahesabu tena pesa zilezile.

Picha ya pili na ya saba huzungumza. Msomaji anapolinganisha noti za asubuhi na za usiku, hahitaji mwandishi amweleze kwamba maisha ni magumu.

Maelezo ya picha nayo yana kazi yake. Hayafai kurudia kinachoonekana, bali yataje jina, mahali, tarehe na lile ambalo kamera haikuweza kunasa. Kuandika "mama akiuza mboga" chini ya picha ya mama anayeuza mboga ni kupoteza wino.

Jambo gumu zaidi ni kuacha. Katika enzi ya filamu, mpigapicha alirejea ofisini na mikanda ya picha 36. Siku hizi hurejea na mamia. Picha nzuri isiyosukuma kisa mbele huondolewa, hata kama mwenyewe alihatarisha maisha kuipata.

HATARI YA MPANGILIO

Uwezo uo huo wa kueleza ukweli huweza kuupotosha. Tuseme kuna picha tatu kutoka barabara ya Tom Mboya. Moja ni ya askari wa kaunti aliyeinua rungu. Nyingine ni ya matunda yaliyotapakaa njiani. Ya mwisho ni ya kijana aliyeshika jiwe.

Zikipangwa hivyo, msomaji ataona mchuuzi aliyeonewa, na kijana aliyekasirishwa na uonevu huo. Zikigeuzwa, ataona mhuni aliyeanzisha fujo na askari aliyekuja kuizima. Hakuna picha iliyoghushiwa, lakini mojawapo ya visa hivyo viwili ni uongo.

Mkanda wa filamu ulikuwa na nambari pembeni, hivyo aliyetilia shaka mpangilio angeweza kuuthibitisha. Kamera za dijitali na simu huhifadhi saa ndani ya faili, ingawa saa hiyo inaweza kubadilishwa. Hivi sasa kuna pia programu za kompyuta zinazounda picha za matukio ambayo hayajawahi kutokea. Kwa sababu hiyo, kuhifadhi faili asilia kumekuwa kinga ya mpigapicha na ya msomaji pia.

Sheria haikukaa kimya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huitambua picha ya mtu kuwa sehemu ya data yake. Septemba 2023, shule moja eneo la Uthiru, magharibi mwa Nairobi, ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Uanahabari una nafasi yake katika sheria hiyo pale penye maslahi ya umma, lakini nafasi hiyo si leseni ya kumdhalilisha aliyefikwa na msiba.

UBUNIFU MPYA

Hadithi ya kubuni nayo imerejea kwa sura nyingine. Osborne Macharia, mpigapicha Mkenya aliyesomea usanifu majengo, hubuni wahusika na kuwapa historia kamili. Katika mfululizo wa Macicio aliwaza mafundi wa miwani waliowasaidia wapiganaji wa Mau Mau msituni. Katika Nyanye aliwaonyesha mabibi wastaafu wenye ukwasi na madaha. Mtazamaji hujua kwamba hawakuwepo, lakini huondoka akijiuliza kwa nini historia aliyofunzwa haikuwa na nafasi ya watu kama hao.

Leo karibu kila abiria wa matatu ya Kangemi ana kamera mfukoni. Picha hazina uhaba tena. Kilicho haba ni subira ya kuzihifadhi pamoja na tarehe na majina, na uaminifu wa kuzipanga zilivyofuatana. Wajukuu watakaouliza jinsi mambo yalivyokuwa jijini watajibiwa na picha hizo, na ikiwa hazitakuwa zimepangwa vyema, kila mtu atawapa kisa chake.